Kobe wa Nyasa: jua kwanza, chakula baadaye

Kobe wa maji anayefugwa kwenye beseni ni nadra kufa kwa njaa. Mara nyingi hufa akiwa na chakula tumboni. Mwenye nyumba atakueleza kwamba alimpa dagaa, akampa mchicha, hata wali wa jana alimmegea, na siku za mwanzo kobe alikula vizuri tu. Baadaye akaanza kususa, macho yakavimba, kingo za gamba zikalainika, na asubuhi moja akakutwa anaelea. Lawama zote huangukia chakula. Kilichokosekana ni jua.

Jambo hili linawagusa kwa namna ya pekee watu wa Mbinga na wenzao wa Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 tu, siku hizi za lami, lakini msafiri anayeshuka huko huvua koti njiani. Ziwa Nyasa limelala chini kidogo ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Miinuko ya Wamatengo, yenye kahawa na ngoro, yale mashimo yao ya kilimo, inakaribia mita 2,000 kwenye vilele. Kule chini maji ya juu ya ziwa hucheza kati ya nyuzijoto 23 na 28 msimu hadi msimu. Huku juu, Juni na Julai, watu huota moto na watoto huenda shule na masweta. Samaki waliovuliwa alfajiri, usipa na magege, na mbasa anapopatikana, hupanda mlima wakiwa bado wabichi. Katika ndoo hizo si vigumu kobe naye akapanda, aliyenaswa kwenye kokoro na mtoto akamlilia. Akifika juu anatiwa kwenye beseni, beseni linawekwa pembeni ya baraza pasipopita watu, na hapo ndipo safari ya kifo huanza, pole pole, huku kila mtu akidhani mnyama anatunzwa.

Kobe wa maji wa ukanda huu si wa namna moja. Yule anayejianika waziwazi juu ya mawe na magogo ni kobe mweusi mkubwa ambaye wanasayansi humwita Pelusios sinuatus. Kingo za nyuma za gamba lake zina meno ya msumeno, hasa akiwa mdogo, na gamba la tumbo lina bawaba: akitishika anavuta kichwa na mikono ndani, kisha anafunga mlango wa mbele. Mzee wao hupita sentimita 40 kwa urefu wa gamba. Anaishi katika mito isiyokauka na maziwa, kuanzia Somalia na Kenya hadi Afrika Kusini, na Ziwa Nyasa ni moja ya makazi yake. Wa pili ni mdogo na mtundu, Pelomedusa, ambaye hana bawaba na hahitaji ziwa kabisa. Yeye ni wa madimbwi, mitaro na mabwawa ya msimu, na ndiye anayekutwa akivuka barabara baada ya mvua ya kwanza. Ukimshika hutoa harufu mbaya ambayo mikono huikumbuka hadi jioni. Hawa wote wawili hawarudishi shingo moja kwa moja ndani kama kobe wa nchi kavu. Huikunja pembeni, chini ya ukingo wa gamba.

Wa tatu ni kiumbe wa ajabu zaidi, na watu wengi wa ufukweni hawajawahi kumwona akiwa hai. Ni Cycloderma frenatum, kobe mwenye gamba laini la ngozi badala ya magamba magumu, bapa, mpana, na mwenye pua ndefu iliyochongoka. Mjerumani Wilhelm Peters, aliyezunguka Msumbiji kati ya mwaka 1842 na 1848, ndiye aliyemwelezea kitaalamu mwaka 1854. Makazi yake ni Nyasa, Zambezi, Ruvuma na mito mingine ya upande huu wa Afrika. Nitamrudia, kwa sababu yeye ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi.

Sasa jua. Tumezoea kumwona kobe juu ya jiwe na kusema amepumzika. Ukweli ni kwamba yuko kazini. Mwili wake hautengenezi wenyewe joto la kutosha. Joto huliokota nje, na kila kitu ndani yake kinalisubiri: misuli, kinga ya maradhi, mayai, na zaidi ya vyote tumbo. Kimiminika cha tumboni hakisagi chakula vizuri mpaka mwili upate joto la kutosha, na kwa kobe wengi wa maji kiwango hicho ni karibu nyuzi 28 na kuendelea. Mwili ukishuka chini ya nyuzi 20, usagaji karibu unasimama. Samaki aliyemezwa saa mbili asubuhi atakaa humo akioza. Kwa hiyo ratiba ya kobe wa Nyasa haianzi na kula. Anaanza na kupanda juu ya jiwe.

Mwambao wa ziwa ulio mkoani Ruvuma una mawe ya kutosha kwa kazi hiyo. Pale Liuli kuna mawe makubwa yaliyowafanya Wajerumani wapaite Sphinxhafen, na huko ndiko Agosti 1914 meli ya Waingereza ya Gwendolen ilikoivamia meli ya Kijerumani ya Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Historia imelishika jina la mahali hapo kwa sababu ya mizinga. Kobe hana habari na mizinga. Yeye hutazama upande gani wa jiwe unapata jua mapema na ni umbali gani kutoka ukingoni hadi kwenye maji ya kina. Akipanda hunyoosha shingo, hutandaza miguu ya nyuma na kupanua vidole ili ngozi ya katikati ipate miale. Nafasi ikiwa finyu hupandiana migongoni bila ugomvi mkubwa. Lakini hawana usingizi mzito hapo. Kivuli cha mtumbwi, mtoto anayekimbia au ndege mkubwa akipita, chubwi, wote wamezama. Wadogo hawathubutu hata kupanda juu. Hujianika wakielea kwenye majani, kwa kuwa kenge, mamba na ndege wanawajua.

Jua linafanya kazi nyingine mbili. Ngozi na gamba vikikauka, mwani hufa, kuvu hufa, na ruba huachia. Kisha miale ya urujuanimno hugusa ngozi na kuuwezesha mwili kutengeneza vitamini D3, ambayo bila hiyo kalsiamu ya kwenye chakula hupita tu na kutoka. Hapa ndipo wafugaji wengi wanapojidanganya. Kobe anawekwa ndani karibu na dirisha, jua linamwangukia mgongoni, mwenye mali anaridhika. Kioo hupitisha mwanga na joto, lakini karibu miale yote inayotengeneza vitamini hiyo huzuiwa. Gamba linalolainika kwa kobe aliyekaa dirishani miezi mingi halina siri yoyote.

Kuna jambo moja limewashangaza hata wataalamu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa kujianika ni shughuli ya mchana tu. Watafiti wa Australia waliwaona kobe wa mto mmoja wa Townsville wakiwa juu ya magogo usiku wa manane, wakaamua kuuliza dunia nzima. Kamera ziliwekwa katika maeneo 25 ya nchi mbalimbali, zikiwamo Afrika Kusini, Senegali na Shelisheli, na aina 29 za kobe wa maji baridi zikafuatiliwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kuwa aina 13 hutoka majini usiku pia, na zote zilikuwa za maeneo ya joto. Maelezo yanayoelekea kuwa ya kweli ni kwamba usiku wa nchi za joto maji hubaki ya moto kuliko mwili unavyotaka, kwa hiyo kobe hutoka kupoa. Maana yake ni kubwa kwa mfugaji: huyu si mnyama wa kupewa joto tu. Ni mnyama wa kuchagua joto. Anatoka, anaingia, anasogea kivulini, anarudi. Beseni humnyima chaguo lote hilo kwa mkupuo.

Afrika Kusini, katika hifadhi ya Kruger, kuna bwawa liitwalo Lake Panic ambako wapiga picha huenda kuwaona kobe hawa hawa wa Pelusios sinuatus wakiwa wamepanda juu ya migongo ya viboko. Kiboko amelala, mgongo umejitokeza, nao wamejipanga juu yake wakiota jua. Wengine wameonekana wakiwachokoa kupe nyati na vifaru walioingia kugaagaa majini. Aliye na mazoea ya hadithi za Sungura na Kobe hatashangaa kuona kobe akipata kiti na mlo kwa mwenye nguvu bila kutoa jasho.

Usingizi wake una mkanganyiko unaowatia watu hofu. Usiku kobe wa maji huenda chini, akajibana kwenye mwanya wa jiwe, chini ya gogo au kwenye mizizi ya matete, na kunyamaza. Mwili uliotulia hutumia oksijeni kidogo sana, kwa hiyo anaweza kukaa huko muda mrefu bila kupanda. Baadhi ya kobe duniani huongezea kwa kuvuta oksijeni moja kwa moja kutoka kwenye maji, kupitia ngozi, utando wa koo, hata tundu la nyuma. Aina moja ya kobe wa mto Fitzroy wa Australia imesifika kwa hilo la mwisho. Baada ya muda kobe wetu hupanda, hutoa ncha ya pua, huvuta pumzi akiwa nusu macho, na kushuka tena. Mfugaji anayemkuta asubuhi amelala chini ya maji bila kutikisika humnyanyua kwa taharuki na kumweka sakafuni. Akifanya hivyo kila siku, anamnyima usingizi. Taa inayowaka usiku kucha nayo humfanyia hivyo hivyo. Apewe giza la saa kumi au kumi na mbili na mahali pa kujificha majini, jiwe lililoinama au kigae cha paa.

Lakini uwezo huo wa kukaa chini una mpaka, na mpaka huo ni nyavu. Kobe aliyelala ana oksijeni ya kutosha. Kobe anayepapatika kwenye nyavu huimaliza haraka, naye huzama na kufa kama mnyama mwingine yeyote mwenye mapafu. Wavuvi wa pwani wamefundishwa kwa ajili ya kasa wa baharini kwamba aliyetolewa akiwa amelegea asitupwe upesi: alazwe kivulini kwa tumbo, sehemu ya nyuma ikiwa imeinuliwa kidogo ili maji yatoke mapafuni, ngozi ilowanishwe, na aachwe saa kadhaa. Baadhi huzinduka. Sioni sababu ya maarifa hayo kuishia Kilwa na Mtwara.

Tukija kwenye mlo, kobe huyu si mchaguzi. Pelusios mkubwa hula konokono na kome, ambao huwasaga kwa mdomo wake mgumu usio na meno, pia wadudu, vyura, mizoga ya samaki, majani laini na matunda yaliyoangukia majini. Pelomedusa anamzidi kwa ujasiri. Ameonekana hata akiwavuta majini njiwa waliokuja kunywa. Kipande kikubwa hukishika kwa mdomo na kukichana kwa kucha za mikono. Kumeza kwenyewe hufanyika ndani ya maji: hutanua koo ghafla, maji hufyonzwa, na chakula huingia nayo. Kumwekea kobe wa maji chakula kwenye sahani kavu na kumshangaa hali ni kumwonea.

Nyumbani chakula kizuri kwake ni kile chenye mifupa au gamba lake. Dagaa wazima wasio na chumvi, usipa wabichi, minyoo ya shambani, konokono wadogo, na majani ya kijani kilichokolea. Nyama ya steki peke yake ni sumu ya taratibu kwa sababu kalsiamu yake ni ndogo mno. Mkate, ugali na wali hujaza tu. Macho yanayovimba hadi kufumba kabisa mara nyingi ni dalili ya upungufu wa vitamini A, na samaki mzima mwenye ini lake humfaa kuliko kitonge cha nyama. Mdogo hulishwa kila siku, mkubwa kila baada ya siku mbili au tatu, na kipimo wanachotumia wafugaji wazoefu ni chakula kinacholingana na ukubwa wa kichwa chake. Kinachobaki kiondolewe. Kobe hula, hujisaidia na kulala katika maji yale yale, na beseni la lita kumi huwa choo kwa siku moja.

Hapo Mbinga inaleta mtego wake. Maji ya bomba na ya chemchemi za milimani ni safi na ni baridi. Mfugaji mwema anamwaga machafu, anajaza masafi, na kwa dakika moja amemtoa mnyama kwenye joto moja hadi jingine. Maji hayo yaachwe juani kwanza. Halafu kuna jambo ambalo naliona ndilo kiini cha vifo vingi vya nyanda za juu. Kobe wa nchi zenye theluji amezoea majira ya baridi. Siku zikifupika huacha kula wiki kadhaa kabla, tumbo likawa tupu, ndipo hushuka matopeni kulala miezi. Baridi yake ni kamili na yeye amejiandaa. Baridi ya Mbinga ni nusu. Saa saba mchana jua la mlimani ni kali, kobe anachangamka na kula kwa pupa. Usiku maji ya beseni yanashuka chini ya nyuzi 20 bila shida, na kilichomo tumboni kinasimama. Kesho hivyo hivyo, kesho kutwa hivyo hivyo. Hajapata baridi ya kumlaza wala joto la kumshibisha. Mnyama aliyezaliwa kwenye ziwa lisiloshuka kiasi hicho hana dawa ya hali hiyo.

Na asidhani mtu kwamba suluhisho ni kuliburuta beseni juani na kwenda shambani. Beseni dogo lisilo na kivuli huchemka saa sita mchana, na kobe asiye na pa kukimbilia hufa kwa joto haraka kuliko anavyokufa kwa baridi. Ufugaji wa kweli unataka tangi au bwawa la saruji la lita mia kadhaa, maji ya nyuzi 24 hadi 28, jukwaa kavu linalofika nyuzi 32 hivi, upande mmoja wenye jua la moja kwa moja na mwingine wenye kivuli, na ukuta usiopandika. Kwa Mbinga hiyo ni gharama ya kupasha maji moto miezi mitatu au minne kila mwaka, kwa miaka 30 au zaidi, maana wanyama hawa huishi muda mrefu. Kwa bei ya umeme wa leo, huo ni mzigo ambao kaya chache tu zitaubeba.

Yule wa gamba laini asijadiliwe kabisa. Cycloderma akikomaa hufika nusu mita na zaidi. Hajianiki hadharani kama Pelusios. Siku yake huipitisha amejizika kwenye mchanga wa chini, kichwa tu nje, na pua yake ndefu humwezesha kuvuta pumzi bila kujitokeza. Akitaka kula hufukua mchanga kwa mikono na kutoa kome na konokono. Nyuma ana mikunjo miwili ya ngozi inayofunika miguu kama mapazia. Kwenye beseni la plastiki, bila mchanga laini wa kujizika, ngozi ya tumbo huchubuka, vidonda huingia uchafu, na mwisho ni mmoja. Kobe wa jamii hii wanatafutwa na masoko ya Asia ya mashariki kwa nyama na kwa gamba, na ndiyo sababu mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ulimwingiza katika Kiambatisho cha Pili, orodha ya viumbe ambao biashara yao hudhibitiwa, uamuzi ulioanza kutumika Januari 2017. Anayekuja ufukweni kuulizia huyu kwa bei nono hatafuti mapambo ya nyumba.

Kuhusu konokono, neno la pembeni. Ufukwe wa Nyasa unaujua ugonjwa wa kichocho, na konokono ndio wanaobeba vimelea vyake. Upande wa Malawi watafiti walihusisha kupungua kwa samaki wanaokula konokono, kutokana na uvuvi uliopitiliza, na kuongezeka kwa maambukizi kwenye fukwe. Kobe si dawa ya kichocho na asitokee mtu wa kumuuza kwa jina hilo. Ila ni mmoja wa walaji wa konokono katika ziwa ambalo walaji hao wanapungua, na kila anayepandishwa mlimani kwenye ndoo ni mdomo mmoja uliotolewa.

Dunia imeshapita njia hii ya kufuga bila kufikiri, na matokeo yako wazi. Kobe mdogo wa kijani mwenye alama nyekundu shavuni, mzaliwa wa bonde la mto Mississippi, alitotolewa mashambani Marekani na kuuzwa kila kona. Kati ya mwaka 1989 na 1997 zaidi ya milioni 50 walisafirishwa nje ya nchi hiyo. Marekani yenyewe ilikuwa imeshapiga marufuku tangu 1975 uuzaji wa kobe wenye gamba lisilofika sentimita 10, baada ya watoto kuugua salmonela kwa kuwashika na kuwatia mdomoni. Umoja wa Ulaya ulizuia kumwingiza mwaka 1997. Waliomnunua akiwa na ukubwa wa sarafu walimkuta ana sentimita 25 na njaa isiyoisha, wakamtupa kwenye mto wa karibu. Leo yumo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani, na Japani ilipiga marufuku kumuuza na kumwachia kuanzia Juni 2023. Akionekana dukani Dar es Salaam au Nairobi, mnunuzi ajue anachonunua. Na asifikirie hata siku moja kumwachia Nyasa.

Ziwa hili si geni kwa biashara ya viumbe wa mapambo. Samaki wadogo wa mawe wa mwambao wa Ruvuma wamo kwenye matangi ya kioo ya Ulaya na Marekani, na wengine hutajwa kwa majina ya huku huku. Kisiwa cha Hongi, ambacho Watanzania wengi hawajakisikia, kinajulikana kwa wafugaji wa samaki wa Ujerumani. Kobe wasifuate mkondo huo. Serikali ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inataka kibali kwa yeyote anayekamata au kufuga mnyamapori. Kobe wa ziwani hakununuliwa sokoni kama kuku, ni mnyamapori. Kumweka barazani bila kibali ni kosa, hata kama mtoto amempa jina.

Kwa wale ambao tayari wanaye, usimtupe kwenye kijito cha karibu hapo Mbinga. Maji ya mlimani ni baridi, na aliyekaa na binadamu anaweza kuwapelekea wenzake maradhi. Nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya, au kwa maofisa wa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, eleza alikotoka na amekaa muda gani, wao waamue arudishwe wapi. Hadi siku hiyo mpe jua la moja kwa moja la asubuhi penye kivuli cha kukimbilia, jiwe la kupanda, maji yaliyopashwa joto na jua, dagaa wazima mara mbili au tatu kwa wiki, na usimlishe siku ambayo ukungu haukuondoka. Kila anayemgusa anawe mikono kwa sabuni, na watoto walio chini ya miaka mitano wasimshike kabisa.

Na kwa wavuvi wa Lituhi, Liuli, Mbamba Bay na Chiwanda: kobe akitoka na kokoro, mkateni nyuzi, mtazameni kama anapumua, na mwachieni hapo hapo mlipomvua. Mtoto akilia, mpelekeni saa tatu asubuhi akawaone kwenye mawe, asimame mbali, anyamaze. Ataona mengi kuliko atakayoyaona kwenye beseni.